Ununue tiara gani ya kukuvuta kwenye ubao wa magurudumu, Lubumbashi

Ikifika Juni, nyasi zikishakauka na upepo wa kusini-mashariki ukianza kuvuma asubuhi, vijana huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue tiara ya mita ngapi?" Wameona video ya mtu anavutwa na tiara huku amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne, na moyo umeshawaka. Mimi huwarudishia swali langu: ukiachia mikono, hiyo tiara itafanya nini? Kwa jibu la swali hilo ndivyo nilivyozipanga hapa.

Nazungumzia tiara laini isiyo na vijiti: tabaka mbili za nailoni nyepesi, na katikati yake vyumba vinavyojaa upepo kupitia midomo ya mbele. Umbo hilo alilibuni Domina Jalbert huko Marekani miaka ya 1960, na parachuti za mraba zimetoka humohumo. Nchi kavu ndipo nyumbani kwake. Haitaki pampu, haivunjiki ikigonga chini, na ukiikunja inaingia kwenye begi la shule.

Ya kwanza: kamba nne, mita 3 za mraba, yenye vishikio viwili. Kama pesa yako ni ya tiara moja tu, nunua hii. Kamba mbili za juu zinabeba mvuto, mbili za chini ni breki. Ukivuta breki inapungua nguvu, ukivuta zaidi inarudi nyuma na kutua. Ikianguka kifudifudi unaiinua tena bila kutembea mita 20 kwenda kuigeuza. Mtu mzima wa kilo 70 anajifunza nayo akiwa amesimama katika upepo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na ukifika 20 hadi 25 inaanza kumsukuma kwenye ubao. Ikiwa mpya, bei yake mara nyingi ni kati ya dola 200 na 350 kabla ya usafiri.

Sharti lake ni moja: mikanda ya mikononi iliyofungwa kwenye kamba za breki. Ukiachia vishikio, mikanda inavuta breki zote mbili, tiara inakunjamana na kuanguka. Ya kwangu ya kwanza niliinunua mkononi kwa mtu, ikaja bila mikanda hiyo, na muuzaji akaniambia si lazima. Ilikuwa Agosti, saa saba mchana, kwenye uwanja wa majani yaliyochomwa. Kwanza nilisikia kamba zinalia, sauti nyembamba kama ya mbu, halafu miguu ikaacha ardhi. Sikuthubutu kuachia kwa sababu barabara ilikuwa mbele na tiara ingeangukia watu. Nilikokotwa hatua kama kumi juu ya visiki vya majani, suruali nyeusi tititi kwa masizi, hadi bega langu lilipokutana na kichuguu. Vichuguu vyetu vya Katanga mnavijua: vingine vinapita kimo cha nyumba. Bega lilinisumbua mpaka mvua zikaanza. Bei ya mikanda ile ni ndogo sana ukiilinganisha na ya tiara.

Ya pili: kamba tatu, mita 2, yenye fimbo ya kushika. Kamba ya tatu inafungwa mkononi mwako. Ukiachia fimbo, inakamata tiara kwa ukingo wa nyuma na kuilaza. Kwa mtu mwepesi, au kwa familia itakayopokezana, naiweka sawa na ya kwanza. Inamzoesha mtu polepole, ila kwenye ubao inavuta vizuri tu siku za upepo mkali, na siku hizo mwanafunzi hapaswi kuwa uwanjani.

Ya tatu: kamba mbili. Ni rahisi kwa bei, na inafundisha mikono kuongoza. Breki haina. Chukua isiyozidi mita 1.5 na uichezee umesimama tu.

Ya nne: tiara inayopunguza nguvu kwa fimbo, mita 6 na zaidi, ya kufungwa kiunoni. Ni chombo kizuri sana, nami naipenda. Ni ya mwaka wa pili au wa tatu, na mpya inaweza kupita dola 1,000.

Tiara za kujazwa hewa kwa pampu ziacheni kwa watu wa majini. Mwiba mmoja wa porini unamaliza siku yako.

Sasa hizo mita. Majedwali ya wauzaji yameandikwa kwa ajili ya fukwe za bahari. Sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, hivyo upepo uleule unavuta kidogo pungufu. Wengine husikia hivyo wakaagiza kubwa zaidi. Msifanye hivyo. Mchana wa kiangazi ardhi nyekundu inapata joto, hewa inapanda kwa mafungu, na upepo wa kilomita 15 unaruka hadi 30 kwa sekunde chache. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Kwa hiyo baki na mita 3, na uirushe asubuhi au jioni, mbali na nyaya za umeme na mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Luano.

Mzigo ukifika, usikimbilie uwanjani. Piga msumari kwenye mti, funga ncha za kamba zote pamoja, zikunjue hadi mwisho na uvute kwa nguvu. Kamba mbili za juu zitoshane. Zikipishana hata sentimita chache tiara itakwenda upande mmoja na utadhani ni kosa lako. Kisha inyanyue kitambaa juani utafute vitobo. Mshono uliofumuka, fundi cherehani wa kartiye ataurudisha kwa uzi wa polista. Kamba iliyochubuka, badilisha. Ikikatika tiara ikiwa juu, hakuna breki tena.

Bajeti ikibana, ubao usubiri. Nunua tiara na kofia ngumu, msimu wa kwanza ucheze kwa miguu. Na kabla ya kutuma pesa kwa mtu atakayekuletea kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mwombe picha ya mikanda ya mikononi ikiwa imefungwa kwenye kamba zake.