Faili la stoo bila tarehe wala saa: uzoefu wangu na Power BI hapa Kigoma

Dashibodi ya Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na chati) ukiitazama kwenye kompyuta utaipenda. Kazi inaanza pale unapotaka zile namba zihamie Excel. Ukipakua data za jedwali unaletewa faili liitwalo data.xlsx. La leo ni data.xlsx, la jana data.xlsx, la wiki iliyopita vilevile, ila kompyuta itakusaidia kuyapa namba kwenye mabano. Ndani unakuta bidhaa, ghala na kiasi. Hiyo stoo, yaani mzigo uliopo ghalani, ni ya saa ngapi? Hapaandikwi kitu.

Sisi tunauza kwa jumla hapa mjini: mawese, dagaa kutoka Kibirizi, chumvi ya Uvinza, na bidhaa za dukani zinazopanda Kasulu na Kibondo. Dagaa hawasubiri. Asubuhi ghalani kuna magunia, mchana lori limeshaondoka. Mtu anatuma faili kwenye kundi la WhatsApp, mwingine analirusha tena jioni akidhani ni jipya, na hapo wauzaji wawili wanawaahidi wateja mzigo uleule.

Watu wengi hukimbilia fomula ya NOW() ndani ya Excel. Msiitumie kwa kazi hii. Inajihesabu upya kila faili linapofunguliwa, kwa hiyo faili la Jumatatu ukilifungua Ijumaa linakwambia ni la Ijumaa. Bora lisiseme chochote. Kubonyeza Ctrl na nukta mkato huandika tarehe isiyobadilika, ila inategemea kumbukumbu ya mtu, na mwisho wa mwezi kila mtu ana haraka.

Kilichonifaa ni kuweka saa ndani ya ripoti yenyewe kabla ya kupakua. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita: saa ya kupakua siyo saa ya data. Kwa leseni ya Pro ya Power BI, ripoti inayohifadhi data ndani yake husasishwa kwa ratiba mara 8 kwa siku, basi. Ukipakua saa 10 jioni unaweza kuwa umebeba stoo ya saa 6 mchana. Mnunuzi anataka kujua hiyo ya saa 6.

Kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, nilitengeneza jedwali dogo la mstari mmoja lenye DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.UtcNow(), 3), kisha nikaivika DateTimeZone.RemoveZone ibaki tarehe na saa tupu. Fomula hiyo hufanya kazi wakati data zinaposasishwa, kwa hiyo inashika saa ya data. Halafu nikaandika kipimo (measure, yaani fomula ya ndani ya ripoti) kinachoisoma na kukiweka kama kolamu ya mwisho kwenye jedwali la stoo. Sasa kila mstari unatoka na saa yake, hata mtu akikata mistari kumi na kuituma peke yake.

Angalizo moja: kipimo kisichobadilika huita mistari ambayo haikuwepo. Bidhaa zisizo na stoo zinaanza kujitokeza zikiwa tupu, zina saa tu. Kiwekeeni sharti la IF, kwamba kama kiasi hakipo, na saa isiwepo.

Ile 3 pale kwenye fomula usisahau kuiweka. Ripoti ikishapandishwa mtandaoni, seva hutumia saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Stoo ya saa 2 asubuhi itaandikwa 05:00, yaani saa 11 alfajiri, na hapa kwetu hatakosekana mtu wa kuisoma saa tano. Sisi tuna sababu nyingine ya kuwa makini: wateja wetu wa Bujumbura na Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo maana kichwa cha kolamu yangu kinasomeka "Stoo hadi (saa za Afrika Mashariki)". Ni kirefu, kinaharibu sura ya jedwali, na sikiondoi.

Tarehe naiandika kuanzia mwaka: 2025-03-04 14:30. Ukiandika 04/03/2025, kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaisoma Aprili.

Anayetaka na saa ya kupakua aongeze kipimo cha UTCNOW() na kukijumlishia saa tatu. Mimi ninacho, ingawa sijaona mtu ofisini akikitazama. Jina la faili ndilo bado nalibadilisha kwa mkono. Metabase, programu nyingine ya ripoti, huweka tarehe na saa kwenye jina la faili yenyewe, na kwa hilo peke yake naipa alama zaidi. Kwa mengine nabaki na Power BI: nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naishikilia hadi data.xlsx ipate jina la maana.