Manukuu yaliyogoma kwenye asilimia 99: wiki mbili zangu na kitufe kimoja

Programu hii ya kuhariri video niliinunua kwa sababu ya kitufe kimoja tu, kile cha kutengeneza manukuu yenyewe. Narekodi masomo, kila moja dakika arobaini hivi, na kuandika manukuu kwa mkono kulikuwa kunanilia siku nzima kwa somo moja. Basi siku ya kwanza nikabofya, nikaenda zangu. Niliporudi nikakuta asilimia 99. Nikangoja. Nusu saa nzima, 99 ileile, bila onyo wala ujumbe wowote wa hitilafu.

Nikafunga nikafungua, nikaiondoa nikaisakinisha upya, hola. Siku ya tatu ndipo nilipotazama diski: ilikuwa imejaa pomoni. Kumbe kabla ya kusikiliza, programu hutoa sauti yote kwenye video na kuiweka kwenye faili la muda, na faili hilo halikuwa na pa kukaa. Nilifuta kache (mafaili ya muda yaliyobaki) ya miradi ya zamani, kazi ikaisha ndani ya dakika chache. Siku tatu zote hizo sentensi moja tu ingeziokoa!

Manukuu ya kwanza yaliniacha hoi. Salamu yangu ya kila somo, "Habari zenu", iliandikwa "Barry Zeno", bwana ambaye sijawahi kukutana naye. Lugha ilikuwa imebaki Kiingereza. Hapa lawama ni yangu nusu, maana mpangilio upo, ila umefichwa menyu ya tatu ndani, na ukishachagua Kiswahili lazima upakue pakiti ya lugha kwanza. Usipoipakua, programu inarudi Kiingereza kimyakimya.

Lililonisumbua zaidi ni kuchelewa. Dakika za mwanzo maneno yalikwenda sambamba na mdomo wangu. Kufika dakika ya ishirini nimeshafunga mdomo, sentensi ndiyo kwanza inatokea. Nikaanza kusogeza manukuu moja moja kwa mkono, kazi ya kijinga kabisa. Nilisogeza kama sitini hivi. Kisha nikazima manukuu nikajitazama ninavyoongea, na hapo nikaona: sauti yenyewe ndiyo iliyokuwa imeachana na picha. Manukuu hayakuwa na kosa, yalikuwa yanaifuata sauti kwa uaminifu. Ni kwamba sikuwa nimewahi kuitazama video yangu mpaka mwisho kwa makini.

Chanzo ni simu niliyorekodia. Simu nyingi hazipigi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde bila kuyumba; mwanga ukififia zinapunguza, ukirudi zinaongeza. Programu ya kuhariri nayo ikihesabu kana kwamba fremu zote zina nafasi sawa, picha na sauti huachana kidogo kidogo, na video ikiwa ndefu ndivyo pengo linavyotanuka. Sasa kila rekodi ya simu naipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, nachagua kasi ya fremu isiyobadilika, halafu ndiyo naiingiza kwenye mradi. Tangu hapo sijasogeza nukuu hata moja.

Kuhusu usahihi sina ugomvi mkubwa, nikizungumza taratibu bila muziki. Tatizo lake ni kukatakata vitenzi: "tutakapomaliza" inakuja "tuta kapo maliza", kana kwamba kila kiambishi ni neno linalojitegemea. Nikiweka muziki chini ya sauti, hata kwa mbali, makosa yanaongezeka mara moja, kwa hiyo siku hizi natengeneza manukuu kwanza nikiwa nimezima njia ya muziki, kisha nairudisha. Sehemu zisizo na maneno nazikagua kwa jicho kali. Kwenye mwanzo wa somo moja, sekunde kumi za muziki mtupu, iliniandikia "Asante kwa kutazama". Sijasema. Mifumo hii hukisia maneno, na ikikosa sauti ya mtu wakati mwingine inakisia hivyo hivyo.

Halafu kuna ile alama ndogo ya ng'. Nilihamisha manukuu kwenye faili la SRT, yaani faili la manukuu peke yake pamoja na saa zake, nikalifungua kwenye kicheza video cha zamani, nikakuta "kung'arisha" imeandikwa "kungâ€™arisha". Programu ilikuwa imeweka ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kicheza video kikaisoma kwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba za kompyuta) mwingine, si ule wa UTF-8 uliotumika kuliandika faili. Dawa yake ni rahisi: SRT ni maandishi ya kawaida, unalifungua kwenye kihariri chochote cha maandishi, unatafuta alama zote zilizopinda na kuzibadilisha kwa mkupuo. Ila ukiwa humo ndani usiguse mistari ya saa. Kati ya sekunde na milisekunde pana mkato, siyo nukta, na mimi niliwahi "kuisahihisha" nikaharibu faili zima.

Leo somo la dakika arobaini linanichukua kama saa moja na nusu, kurekebisha kukiwemo. Naendelea kuitumia na nimeipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeipa kama siku ile ingeniambia tu kwamba diski imejaa.