Skurubu au pampu ya grisi? Vyombo viwili vya kutolea risasi iliyonasa kwenye gobore

Skurubu ya kuchomolea risasi, ile inayoagizwa kutoka nje, ni chombo safi. Lakini kwa magobore yaliyokaa Unguja na Pemba miaka na miaka katika hewa ya chumvi, pampu ya grisi ya gereji inaishinda. Skurubu nyota tatu, pampu nne.

Kabla ya yote, pima. Tumbukiza mdeki (ufito wa kushindilia) mpaka ugote, tia alama kwenye mdomo wa mtutu, kisha uutoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikikoma vidole viwili au zaidi kabla ya kufika tundu la moto (kitundu cha nyuma kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti), humo mna kitu, na huenda baruti ipo nyuma yake. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ondoa fataki au jiwe la kiberiti, piga maji kwa bomba la sindano kupitia tundu la moto, acha usiku kucha, rudia. Kazi ifanywe baruti ingali mbichi, kwani ikikauka huweza kuwaka tena. Moto usikaribie kabisa, na mdomo wa mtutu usielekee mtu.

Skurubu huuma risasi ya madini laini tu. Chagua yenye pete ya shaba inayokaribia upana wa ndani wa mtutu; bila pete, ncha huenda upande na kukwaruza ukuta wa mtutu. Ubaya wake mwingine: ikizama sana huipanua risasi, nayo ikazidi kukaza. Na usitumie mdeki wa mti uliokuja na gobore. Ncha yake huchomoka ikabaki ndani, sasa una vitu viwili vya kutoa. Tumia wa chuma wenye mpini wa msalaba, mtutu ukabanwe kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao. Ukikuta vipande vya chuma au vijiwe, skurubu haina la kufanya.

Pampu haijali kilichoshindiliwa. Mwagia kwanza mafuta ya kulegeza kutu kupitia mdomo, yakae siku nzima. Fungua chuchu ya fataki (kipande kidogo chenye kitundu kinachovalishwa fataki), funga nipeli ya grisi (kichwa cha kupokelea grisi kutoka kwenye pampu) mahali pake, kandamiza. Hapa ndipo wengi huharibu: hesi (miviringo ya kufungia) za zamani zilikatwa kwa mkono, hazioani na nipeli ya dukani, na ukilazimisha umeua gobore. Mpelekee fundi wa kukereza chuchu yenyewe akutengenezee kiungo. Mtutu wa mita 1 wenye upana wa ndani wa milimita 15 hula karibu sentimita za ujazo 180, kwa hiyo kopo la gramu 400 linatosha na kubaki. Pampu ya mkono hutoa takriban gramu 1 kila mkandamizo, mkono utachoka. Grisi haibanwi kama upepo, hivyo risasi hutoka taratibu kama dawa ya meno. Kompresa ya matairi ndiyo ya kuogopwa: hewa iliyobanwa huirusha risasi kwa kasi ya kuua.

Nyota ya tano pampu imeikosa kwa uchafu wake, na kwa sababu gobore la jiwe la kiberiti lenye tundu la moto tupu halina pa kufungia nipeli. Kutoboa hesi mpya kwenye kitu cha kale ni uharibifu. Hilo muachie skurubu. Ukimaliza, sukuma grisi kwa vitambaa vya mafuta ya taa, suuza kwa maji ya moto, kausha, kisha paka mafuta ya mashine siku hiyohiyo.