Wanawake Saba Ndani ya Ngome Kongwe: Uzoefu Wangu wa Sauti za Busara

Tulifanya mtihani wa kidato cha sita Februari 2004, kwenye shule ya bweni Tanga. Mwezi huohuo, ng'ambo ya maji, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilikuwa linafanyika Unguja kwa mara ya kwanza. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulikuwa tunahesabu siku za kurudisha magodoro stoo. Miaka ishirini na ushei baadaye mmoja wetu akagundua kwamba tamasha na kumaliza kwetu shule vina umri mmoja, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, na ule mjadala wa tukutane wapi, uliotuchosha miezi mizima, ukaisha siku ileile. Tukafika saba: wanne kutoka Dar, mmoja Arusha, mmoja Mwanza na mmoja Muscat.

Naandika kwa ajili ya anayefikiria kuwakusanya wenzake wa shule pale. Kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwenda kwa nia kama yetu, sikuyapata.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Wikendi ya tamasha nafasi huwahi kujaa, kwa hiyo kata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja na usisahau kitambulisho. Bahari ilikuwa shwari, sina zaidi la kusema juu ya safari.

Malazi ndiyo yaliyotutia uchungu. Nyumba ya wageni tuliyoichukua iko ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Tulilipia vyumba vitatu mwezi mzima kabla, kwa simu, na ujumbe wa muamala ninao. Tulipofika Ijumaa mchana, joto la kaskazi limetushika na mabegi mgongoni, tukaambiwa chumba cha tatu wamepewa wageni wengine. Hakuna aliyetupa hata pole. Nilisimama pale mapokezi nikadai haki yetu. Nusu ya pesa ya chumba nikarudishiwa, nusu nyingine naingoja mpaka leo. Hilo si jambo la kufanyiwa mtu aliyedunduliza kwa miezi. Ukilipa, dai risiti, na piga tena simu siku mbili kabla hujasafiri.

Tukalala saba kwenye vyumba viwili, magodoro yamebanana sakafuni. Usiku ule wa kwanza mimi, niliyekuwa kiranja wa bweni, nilijikuta nimesimama mlangoni nimezima taa bila kumwuliza mtu. Wote wakaangua kicheko isipokuwa mmoja, yule wa Muscat. Nitarudi kwake.

Sasa tamasha lenyewe. Lilikuwa Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani, ngome waliyoijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumfukuza Mreno. Ukishapita lango unakutana na uwanja wa majani, kuta nene za mawe zimekuzunguka pande zote na jukwaa liko mbele yako. Tulikwenda mapema tukatandika leso zetu pembeni, chini ya ukuta, na nawashauri mfanye hivyohivyo, maana giza likishaingia watu ni wengi na kundi la saba haliwezi kusimama pamoja.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba kila kinachopigwa pale kinapigwa laivu. Hakuna pleibeki. Nilikuwa nimeshasahau raha ya kuona sauti inatoka wapi. Kilipanda kikundi cha kidumbaki, muziki wa Unguja ulio ndugu wa taarabu, jua bado halijazama, nami nikasogea mpaka mbele kabisa kumtazama mpiga sanduku. Ni sanduku la mbao kwelikweli, na kamba moja, na fimbo. Akiisukuma fimbo nje kamba inakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hana alama wala funguo za kumwongoza, ni sikio na bega lake tu. Kidole anachopigia alikuwa amekizungushia kitambaa, na kila akimaliza wimbo anakikaza upya kwa meno. Fidla inalia juu, vidumbaki viwili, zile ngoma ndogo, vinajibizana, cherewa za kutikisa zinachachatika, na yule baba macho ameyafumba. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Lakini niseme kweli kuhusu kukutana na watu mliopoteana miaka ishirini. Mna mengi ya kuambizana, na mbele ya spika kubwa hayasemeki. Jumamosi jioni mwenzetu wa Mwanza alikuwa anatusimulia habari za kufiwa na mumewe, bendi ikaanza, akanyamaza katikati ya sentensi. Tukamshika mkono tukatoka naye nje, tukakaa Forodhani kwenye ukuta wa bahari, mishkaki ikatupoa mikononi tukimsikiliza. Tulikosa bendi mbili tulizozilipia na sijuti. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: ninyi msinunue tiketi ya siku zote. Nunueni ya usiku mmoja au miwili, na usiku mmoja uacheni mtupu kwa ajili ya maneno.

Na huo mnaoununulia tiketi uchagueni wenye taarabu.

Tulipokuwa kidato cha tano, yule wa Muscat alitoroka bwenini usiku kwenda kusikiliza taarabu kwenye harusi ya mtaani. Tanga ya wakati huo bado ilikuwa na masikio ya Black Star na Lucky Star, vikundi vyake vya taarabu vya zamani, na yeye amezaliwa katika muziki huo; mama yake ni wa Unguja. Mimi ndiye niliyempeleka kwa matroni. Alisimamishwa masomo wiki mbili, aliporudi akahamia bweni lingine, na toka siku hiyo hadi tunamaliza hatukusemeshana. Hata kwenye kundi la WhatsApp alikuwa akiwajibu wengine, mimi hanijibu. Nilikuwa nimemwandikia pembeni kumwomba radhi, mara mbili.

Jumapili usiku likapanda kundi la taarabu asilia: kanuni yenye nyuzi nyingi, udi, fidla zimejipanga safu, akodiani, na mama mmoja mtu mzima anaimba amekaa kitini. Ubeti wa pili mwenzangu akainuka. Alitoa noti ya elfu kumi kwenye pochi, akaikunja kwa urefu, akaanza kwenda mbele polepole, mkono juu, kiuno kinafuata fidla, hana haraka na mtu. Kabla hajafika kwa mwimbaji akageuka nyuma, akanitazama mimi, akakiweka kiganja kifuani. Kisha ndipo akatunza, yaani akampa mwimbaji ile noti.

Mimi wa Dar, nilidhani ananogewa tu. Bi mmoja mwenye buibui aliyeketi jirani yetu akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mwenzio anakusemesha wewe huyo. Nenda kamjibu." Nikamwambia sijui kutunza. Akaniambia hakuna kujua, ni kwenda tu.

Nikaenda. Sina mwendo wa taarabu, nilitembea kama ninavyotembea sokoni, noti yangu mkononi, machozi yananitoka mbele ya watu wote wale. Alinisubiri palepale jukwaani. Tukatunza pamoja, tukarudi tumeshikana mikono, na sikumbuki kwamba tulitamka neno. Maneno yalikuja baadaye Forodhani, kwa juisi ya miwa, mpaka wauzaji wakaanza kufunika meza zao.

Nimejiuliza kama pangekuwa ni hotelini, tumekaa mezani na vitambulisho vya majina shingoni, angenisamehe. Sidhani. Wimbo ulimpa njia ya kuniambia bila kunikalisha chini, na mimi ukanipa njia ya kujibu.

Machache ya mwisho kwa mtakaokwenda. Bei ya tiketi kwa Watanzania ni ndogo kuliko ya wageni, kwa hiyo kitambulisho kiwe nawe. Vaeni nguo za kusitiri mnapopita mitaani, Mji Mkongwe ni makazi ya watu. Bebeni leso ya kukalia. Jumapili usiku msitegemee boti ya kurudi, kwa hiyo Jumatatu ombeni ruhusa kazini. Sisi tuliondoka na boti ya saa moja asubuhi tukiwa hatujalala.

Yeye hakupanda nasi, alibaki kwa shangazi yake mpaka Jumatano. Mchango wa kwenda tena mwakani tumeshauanza, elfu hamsini kwa mwezi kila mtu, na mweka hazina tuliyemchagua ni yeye. Wa kwanza kutuma nilikuwa mimi, na jibu lilikuja hapohapo.