Daftari au Simu: Msanii Chipukizi Apangie Wapi Kazi Zake?
Kijana anayeishi kwa kuchora hupanga siku zake ama kwenye daftari ama kwenye kalenda ya simu. Daftari halihitaji chaji, na ukurasa mmoja hubeba orodha ya kazi, rangi iliyojaribiwa pembeni na mshale unaounganisha wazo la jana na la leo, jambo ambalo kalenda ya simu hailimudu. Hata hivyo halipigi kengele, na chai ikilimwagikia, ndiyo basi. Simu hukumbusha, hurudia miadi ya kila wiki bila kuandikwa upya, na nakala yake huhifadhiwa mtandaoni, ingawa ukiifungua kutazama tarehe tu, ujumbe mwingine hukupotezea nusu saa. Mimi huweka tarehe za kukabidhi kazi kwenye simu, na mawazo yote daftarini.