Efekti za gitaa kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: za kununua kwanza na za kuacha dukani

Jibu la haraka kwa aliye njiani kwenda dukani: nunua amplifaya ndogo yenye riverbu (mwangwi) ndani yake, iseti mwenyewe mara moja, pedali, vile visanduku vya kukanyaga vyenye efekti za kubadilisha sauti ya gitaa, ziache. Kwa wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau, ule ambao hospitalini huitwa dimenshia, hiyo inatosha kabisa. Yanayofuata ni kwa ajili ya wale ambao jibu hilo haliwatoshi: mzee aliyezoea korasi (efekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili) tangu ujana wake, mzee wa gitaa kavu lisilotumia umeme, au familia yenye kijana wa kukaa naye na kupiga naye.

Nimepanga kila kitu hapa kwa kigezo kimoja: kifaa kisimdai mzee akumbuke wala achague chochote wakati anapiga. Bei, jina la kampuni na wingi wa sauti vinafuata nyuma.

Sababu yake ni hii. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha dimenshia, sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya huathirika mapema. Ustadi wa mikono uliojengwa kwa miaka mingi hutegemea zaidi sehemu nyingine, na mara nyingi hudumu kwa muda mrefu zaidi. Glen Campbell, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alitangaza mwaka 2011 kwamba ana Alzheimer, kisha akafanya ziara ya kuaga iliyoendelea hadi mwaka 2012. Maneno ya nyimbo aliyasoma kwenye skrini, watoto wake wakiwa naye jukwaani, lakini gitaa alilipiga mwenyewe. Hata hivyo usimpime kila mzee kwa huyo. Malcolm Young, mpiga gitaa la rithimu wa bendi ya roki ya AC/DC, ilimbidi ajifunze upya nyimbo za bendi yake mwenyewe kabla hajaacha muziki mwaka 2014. Mikono nayo husahau, ila huchelewa. Basi kifaa kipya chenye vitufe sita ni somo jipya, na masomo mapya ndiyo yanayomshinda mzee huyu. Usimpe mtihani kabla hajagusa uzi wa kwanza.

Kabla ya kufungua pochi, uliza alipiga nini. Waulize wenzake wa bendi kama wapo, tazama picha za zamani, sikiliza rekodi zake kama zimebaki. Katika bendi zetu za dansi gitaa la solo na gitaa la rithimu hazikuwa na kazi moja, na masikio ya wapigaji wake hayakuzoea sauti moja. Mpiga rithimu anataka kila pigo lisikike kavu na safi. Ukimwekea mwangwi mwingi unamvuruga. Mpiga solo anataka nota ielee kidogo kabla haijafa. Na kama mzee wako hakuwahi kutumia efekti yoyote maisha yake yote, acha hivyo hivyo. Hakuna kinachokosekana.

Nafasi ya kwanza: amplifaya yenye riverbu ndani

Riverbu ni ule mwangwi unaofanya gitaa lisikike kama limo ukumbini hata ukiwa sebuleni. Ndiyo efekti yenye faida kubwa na usumbufu mdogo kuliko zote, kwa sababu haibadilishi anachopiga mzee. Inampa nafasi tu.

Kwa nyumba za kwetu, ambako umeme haukosi kukatika, naipa Roland Micro Cube alama za juu. Inatumia betri sita za AA au adapta, inabebeka kwa mkono mmoja, na umeme ukikatika katikati ya wimbo mzee anaendelea kupiga. Kasoro yake ni kwamba juu ina vitufe vingi vya kuzungusha, kimojawapo cha kubadilisha aina ya amplifaya. Hapo ndipo kazi yako inapoanza: chagua sauti safi, weka riverbu kiasi cha robo, kisha funika vitufe vyote kwa tepu isipokuwa kile cha sauti kubwa na ndogo. Hicho kiache wazi, maana mpiga gitaa yeyote anajua kukitafuta, na kukipata kunampa heshima yake. Kiwekee alama kwa rangi nyeupe ya kucha pale sauti inapofaa, ili mtu yeyote wa nyumbani aweze kuirudisha.

Fender Princeton Reverb na Deluxe Reverb ni za daraja jingine. Kila kitu kiko usoni mwa amplifaya: riverbu ina kitufe chake, tremolo (efekti ya kupandisha na kushusha sauti) ina vyake viwili, hakuna menyu iliyojificha. Kama mzee alipiga amplifaya za namna hiyo ujanani, mikono itazitambua. Lakini ni nzito, ni ghali, na zile za zamani zinahitaji fundi anayejua valvu. Sioni haja ya kuuza kiwanja kwa ajili hiyo.

Amplifaya iweke juu ya meza au stuli, pembeni mwa kiti, isielekee moja kwa moja usoni. Sauti ya ghafla humshtua mtu mwenye dimenshia kuliko inavyotushtua sisi, kwa hiyo zoea kuwasha mashine kitufe cha sauti kikiwa chini, ndipo uipandishe taratibu. Kama anavaa mashine za kusikia, punguza riverbu zaidi. Mwangwi mwingi ukipita ndani ya vile vifaa hugeuza nota kuwa uji.

Nafasi ya pili: pedali moja ya riverbu, inayowaka muda wote

Hii ni kwa mzee ambaye tayari ana amplifaya anayoipenda, ila haina riverbu. Usimnyang'anye, mwongezee pedali.

Electro-Harmonix Holy Grail ina kitufe kimoja cha kuzungusha na swichi ndogo ya kuchagua kati ya aina tatu za mwangwi. Weka kwenye ile ya springi, ambayo ndiyo sauti ya amplifaya za zamani, kisha sahau kwamba swichi ipo. TC Electronic Hall of Fame Mini nayo ina kitufe kimoja tu, na ni ndogo sana. Haiingii betri, kwa hiyo lazima iwe na adapta. Boss RV-6 ni imara kuliko zote mbili, lakini ina vitufe vinne na aina nane za mwangwi. Ukiipata kwa bei nzuri inunue, iseti, ifunge kwa tepu.

Usiiweke miguuni. Pedali nyeusi juu ya zulia jeusi haionekani vizuri na macho ya mtu huyu, na dimenshia yenyewe inaweza kuharibu jinsi anavyopima umbali na kina: kitu cheusi sakafuni anaweza kukiona kama shimo. Zaidi ya hapo kuna waya, na kwa mzee kuanguka ni hatari kuliko kukosa riverbu. Pedali ikae mezani nyuma ya amplifaya, ikiwaka, na asiikanyage mtu. Waya wa gitaa upite nyuma ya kiti. Pedali na amplifaya vichomeke kwenye ekstensheni moja yenye swichi, ili kubonyeza mara moja kuwashe kila kitu.

Jambo la umeme ambalo wauzaji wengi hawalitaji: pedali nyingi hutumia volti 9, na ncha ya adapta hasi iko katikati. Adapta ya redio inaweza kuingia vizuri kwenye tundu lakini ikawa kinyume. Na kama unatumia betri kwenye pedali za Boss, jeki ya waya ikibaki kwenye tundu la kuingizia gitaa, betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Mzee hatakumbuka kuichomoa, na haifai kumdai hilo, tumia adapta.

Angalia pia jambo hili kama amplifaya ni ya betri na pedali ni ya adapta. Umeme ukikatika, pedali ya Boss haipitishi sauti kabisa. Pedali zenye swichi ya kukanyaga ya kawaida inayounganisha waya moja kwa moja hupitisha sauti ukiizima, hata bila umeme. Muulize muuzaji, kisha hakikisha mwenyewe pale dukani kwa kuchomoa adapta.

Nafasi ya tatu: korasi au tremolo, kwa aliyezizoea

Boss walitoa pedali yao ya CE-2 mwaka 1979, na korasi ilienea kwenye magitaa ya solo kuanzia hapo. Kwa mzee aliyekuwa jukwaani miaka ya 1980, hiyo inaweza kuwa ndiyo sauti yake, na akiisikia tena anakaa sawa kitini. Electro-Harmonix Small Clone inafaa: kitufe kimoja cha kasi na swichi moja ya kina, yaani kiasi ambacho nota inatikiswa. Seti kasi ya polepole na kina kidogo.

Kina kidogo ndilo neno la kushika. Korasi nzito huitikisa nota juu na chini, na mtu ambaye akili haimtulii anaweza kuamini kwamba gitaa limetoka kwenye tyuni, akaanza kuzungusha vigingi vya nyuzi. Ukimwona anaangalia kichwa cha gitaa mara kwa mara, izime. Tremolo haina tatizo hilo kwa sababu inapandisha na kushusha ukubwa wa sauti tu, nota inabaki pale pale.

Nafasi ya nne: lupa, lakini mkononi mwa mwingine

Lupa hurekodi kipande unachopiga na kukirudia bila kukoma. TC Electronic Ditto ina kitufe kimoja cha kuzungusha na swichi moja ya kukanyaga, na matangazo yatakuambia ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa mzee huyu ndiyo ngumu kuliko zote. Swichi hiyo moja hurekodi, hurudisha, huongeza juu yake, husimamisha ukiigonga mara mbili na kufuta ukiishikilia. Maana tano kwenye kitu kimoja, na zote za kukumbuka.

Mpe mjukuu. Akae pembeni, apige rithimu ya wimbo ambao mzee anaujua, kwa mwendo wa polepole kidogo kuliko rekodi, airekodi, kisha aiachie izunguke. Mara nyingi mpiga solo hahitaji kuambiwa aanze. Hapo lupa inastahili kila shilingi, hasa kama mjukuu anajua kodi (mishiko ya nyuzi) mbili tatu tu na mkono wake unachoka. Lakini kama nyumbani kuna mtu anayeweza kukaa na kupiga rithimu mwenyewe, usinunue lupa. Mtu husikia mzee anapopunguza mwendo na kumsubiri, mashine haisubiri.

Gitaa kavu

Kuna magitaa ya Yamaha yanayoitwa TransAcoustic, yenye kifaa ndani kinachotikisa mwili wa gitaa lenyewe na kutoa riverbu na korasi bila amplifaya wala waya. Kwa usalama wa sebuleni ni wazo zuri sana. Naliweka nje ya orodha kwa sababu moja: ni gitaa jingine. Shingo ya gitaa lake la zamani ndiyo inayokumbukwa na mkono, pamoja na mikwaruzo yake. Nunua kama gitaa la zamani limevunjika au limeuzwa.

Acha dukani

Pedali kubwa zenye sauti mia na skrini: akikanyaga kwa bahati mbaya sauti inageuka yote, na atadhani ameharibu kitu. Amplifaya zinazohitaji programu ya simu. Eko ndefu, kwa sababu nota inayorudi baadaye humfanya aifuate na kupoteza mwendo. Eko fupi sana haina neno. Distoshoni (sauti ya kukwaruza) na wawa (sauti inayofunguka na kufumba kama mdomo) pia, isipokuwa alizipiga enzi zake, na hapo zinapanda hadi nafasi ya pili.

Tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa si efekti, lakini inunue kabla ya vyote. Ityuni wewe kabla hujamkabidhi gitaa. Nyuzi zilizolegea zitamvunja moyo ndani ya dakika moja, na huenda asiweze kukueleza ni nini kimemuudhi.

Uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na gitaa lake mwenyewe, jaribu kwa sauti ya chini, zungusha kila kitufe usikilize kama kinakwaruza. Na kama ndugu aliye Marekani ndiye anayetuma, mwambie asome maandishi ya nyuma ya amplifaya na ya adapta. Iliyoandikwa volti 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 230 au 240, au itakulazimu kununua transfoma ya kushusha umeme ambayo ni nzito na inachukua nafasi pembeni mwa kiti. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida, na mwambie atume mbili.