TAHADHARI: Nimeuziwa risiva ya volti 100 kwa udanganyifu, Kariakoo

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 380,000 kwa risiva ya sauti, ile inayogawa sauti kwenye spika tano na sabufa, nayo haikuishi hata dakika mbili nyumbani kwangu.

Nina spika za marehemu kaka ambazo sikutaka kuziacha, ndiyo maana sikununua sabufa mpya yenye spika zake, ingawa bei yake ningeimudu. Risiva mpya zilinishinda. Kila niliyoiulizia ilizidi milioni moja, na mimi nilikuwa na laki nne tu. Winga aliyenipokea aliposikia kiasi hicho akanipeleka moja kwa moja kwenye duka la vifaa vilivyotumika kutoka Japani.

Muuzaji ni mtu mzima mwenye mvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanivutia kiti, kisha akaniuliza spika zangu ni za omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Swali hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu anayeuliza omu kabla ya kutaja bei anaijua kazi yake na anamjali mteja. Nilipomjibu kuwa ni omu 8, alinieleza kwa utulivu kwamba nisiwaamini wanaobandika wati 1,000 kwenye redio za plastiki, kwani hizo ni wati za PMPO, yaani za kilele cha kufumba na kufumbua, na kwamba mnunuzi makini hutazama wati za RMS, zile zinazotoka mfululizo. Maneno hayo yote ni ya kweli, na ndiyo aliyoyatumia kunifunga macho.

Kisha akaiwasha. Waya wake ulipita nyuma ya kaunta na kuingia kwenye ekstensheni ambayo mwisho wake sikuuona. Besi ilitetemesha vioo vya kabati, naye akaniachia nipandishe sauti kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipandisha hadi watu wa duka jirani wakachungulia. Nilipojaribu redio, namba za masafa ya FM zilipanda hadi 90, kisha zikarudi 76. Nilimuuliza kwa nini haifiki 100, akanijibu kwamba nikiunga antena nyumbani stesheni zote zitakuja. Nikakubali, kwa kuwa sauti ilikuwa inatoka mbele yangu, safi kabisa, na sikuona sababu ya kumbishia mzee kuhusu kitu nilichokisikia kwa masikio yangu. Nikalipa kwa Lipa namba, nikabeba mzigo nikiwa na furaha ambayo leo naionea aibu.

Jioni, shemeji akiwa amealikwa na binti yangu akiwa sakafuni ananishikia waya wa spika ya nyuma, nilichomeka plagi ukutani. Taa nyekundu iliwaka, ukatoka mvumo mzito kama wa nyuki, kitu kikapasuka ndani na moshi mweusi ukafuka kwenye matundu ya juu. Binti yangu alikuwa hatua mbili kutoka pale. Shemeji ndiye aliyekimbilia swichi kuu; mimi nilibaki nimesimama.

Fundi aliigeuza Jumatatu, akabandua stika ya nyuma iliyoandikwa volti 220–240, na chini yake tukakuta maandishi ya kiwandani: volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Plagi ya Kijapani yenye pini mbili bapa ilikuwa imekatwa, ikafungwa ya pini tatu ili iingie kwenye soketi zetu. Nilirudi dukani Jumanne, nikazunguka nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa, na nikaiona transfoma ya kushusha umeme imefichwa chini ya maboksi. Risiva ilikuwa nzima, ndugu zangu! Angeniambia ninunue transfoma yenye wati za kutosha, leo ingekuwa inalia sebuleni kwangu. Lakini alijua kwamba gharama hiyo ingevuka laki nne zangu, akaamua kuficha. Aliyebandika stika ile hakukosea, alikusudia, na alikubali nyumba ya mtu iungue ili auze.

Alichonijibu ni kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Yule winga alisema hanijui. Nimechukua RB (namba ya taarifa) polisi na nimepeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Jina la duka nimelihifadhi kwa sababu shauri liko huko. Sitaki suluhu ya kupewa nusu ya fedha na kuombwa ninyamaze, kama watu wawili walivyokwisha kunishauri. Nataka ashtakiwe, duka lifungwe, na kila risiva iliyomo ibanduliwe stika mbele ya polisi, kwa sababu zipo nyingine nyingi kwenye rafu zile na kila moja itaingia kwenye nyumba yenye watoto.

Kwa mnaotafuta risiva ya bei nafuu: redio ya FM inayoishia 90 imetengenezwa kwa soko la Japani. Dalili nyingine nilizozipuuza ni hizi: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa, alisema mashine ni mbovu. Jina lililotokea kwenye simu nilipolipa halikuwa jina la duka, na plagi ilikuwa ya kufunga kwa bisibisi ilhali waya ni wa kiwandani. Fuateni waya hadi ukutani kabla hamjatoa fedha.

Picha za maandishi ya kiwandani na za stika ninazo. Yeyote aliyeuziwa na mzee huyu anitumie ujumbe, kwani Ijumaa asubuhi narudi kituoni na ningependa tuwe zaidi ya mmoja.